Taarab ya Unguja ndani ya miwani ya uhalisia pepe: tuirekodi wapi na vipi?

FundiSauti_Malindi aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi na wenzangu wawili tunatayarisha kazi ya sanaa ya uhalisia pepe kuhusu taarab ya Unguja, ambamo mtu atavaa miwani na kujikuta ameketi katikati ya wapigaji, udi upande mmoja, ganuni na fidla upande wa pili. Picha hazitutii shaka, kwa sababu majengo ya Mji Mkongwe yanaweza kupimwa kwa skana ya leza na kujengwa upya ndani ya kompyuta. Linalotushughulisha ni sauti. Mwenzetu mmoja anataka muziki urekodiwe studio, ukiwa safi kabisa, kisha tuuweke ndani ya jengo lolote tunalolipenda, na yeye amechagua Beit el-Ajaib, kasri la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mimi naona kwamba kufanya hivyo ni kuing'oa taarab mahali pake, na kwamba itatoka kazi ambayo mtalii ataifurahia lakini mtu wa mtaa wa Malindi au wa Ng'ambo, ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, hatajiona ndani yake. Je, tufanyeje ili msikilizaji atambue kwamba yuko Unguja hata akifumba macho? Na jengo hilo la fahari ndilo linalostahili?

MpigaFidla alijibu:

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nitajibu upande wa sauti tu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake hauruhusu chumba kuwa na upana unaozidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, vyenye kuta nene, na ganuni ikipigwa humo husikika tofauti kabisa na inavyosikika ukumbini. Mwangwi huo unaweza kuchukuliwa. Pasueni puto katika chumba kitupu, rekodini jinsi mlio wake unavyofifia, na programu ya sauti itaweza kuupachika mwangwi wa chumba kile juu ya muziki uliorekodiwa studio.

Hata hivyo, chumba peke yake si Unguja. Chukueni maikrofoni ya ambisoniki, yenye vinasa vinne vinavyoelekea pande tofauti, kwa kuwa rekodi yake huzunguka pamoja na kichwa cha msikilizaji: akigeukia kushoto, fidla iliyokuwa kushoto kwake itakuwa mbele yake. Irekodini nayo mitaa inayozunguka nyumba hiyo, adhana za misikiti kadhaa zinazopokezana bila kuanza pamoja, mazungumzo ya barazani, honi za pikipiki zinazotafuta njia vichochoroni. Msizifute kelele hizo kwa kudhani kwamba zinauchafua muziki. Mwaka 2015 mwimbaji Björk wa Iceland alipigwa picha za nyuzi 360 kwa wimbo mmoja wa albamu yake Vulnicura katika ufuko wa Grótta, karibu na Reykjavík, palepale alipoutunga, na naamini kazi ile ina nguvu kwa sababu mahali palichaguliwa na wimbo wenyewe.

BintiNgambo alijibu:

Kaka, nakuunga mkono, na kuhusu jengo nina neno. Ni kweli inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza ganuni, na kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu mwaka 1905. Historia hiyo ina haki yake. Lakini taarab ya Kiswahili tunayoiita yetu ilikuzwa na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, ambaye aliishi Ng'ambo, akaimba nyumbani kwake mbele ya majirani, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Mkimweka msikilizaji ndani ya kasri tu, mtakuwa mmemfundisha kwamba muziki huu ulitoka juu ukateremka, na mimi sitakubali hilo.

Jambo zito zaidi ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa mbele ya watu. Katika taarab anayesikiliza hakai tu kutazama. Mama huinuka ubeti unapomgusa, akatembea kwa madaha hadi mbele, noti akiwa ameiinua, na wote waliokaa wanafahamu fumbo lile analielekeza kwa nani, hata kama hapana jina lililotajwa. Fahamu hiyo ya pamoja ndiyo inayotufanya watu wa mahali pamoja, na miwani, kwa namna ilivyoundwa, humtenga mtu na walio karibu naye. Kwa hiyo wekeni kamera na maikrofoni katika safu ya akina mama, kwa kimo cha mtu aliyeketi, si jukwaani, ili wanaokwenda kutunza wampite msikilizaji karibu kiasi cha kusikia nguo zao na minong'ono ya walio nyuma yake. Wala msimpe kitufe cha kutunza. Tunza isiyolenga mtu itakuwa mchezo wa kompyuta tu.

Mzee_wa_Muscat alijibu:

Wanangu, huku Muscat, Omani, tupo wengi tuliozaliwa Unguja na kuondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na kazi hii inatuhusu pia. Kabla ya skana na maikrofoni, nendeni kwa wenyewe: vikundi vya taarab, wakaazi wa nyumba mtakazopima, kisha COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kuhusu haki za nyimbo, na makubaliano ya malipo yaandikwe. Msanii Lynette Wallworth alipotengeneza Collisions, filamu ya uhalisia pepe, mwaka 2016, pamoja na Nyarri Morgan, mzee wa Wamartu wa Australia Magharibi aliyeshuhudia mlipuko wa bomu la atomiki jangwani, kazi ilijengwa juu ya ushuhuda wa mzee huyo mwenyewe, na mgeni aliyeshika kamera alikaa nyuma yake.

Majaribio ya kwanza yafanyeni Ng'ambo, wala msingoje maonyesho ya Ulaya. Tumieni kiti cha kuzunguka, kwa sababu mzee akisimama na miwani hiyo hupata kizunguzungu. Mkiwa tayari kuileta huku, nitawakusanyia wasikilizaji waliowahi kukaa katika safu hiyo anayoitaja Binti Ng'ambo, nao watawaambia ni sauti gani imekosekana.