London hadi New York: kwa nini kwenda na kurudi havilingani saa?

Swali
Ndugu zangu, naomba mnifafanulie jambo. Umbali kati ya uwanja wa Heathrow wa London na uwanja wa John F. Kennedy wa New York ni takriban kilomita 5,540, na ndege kubwa ya abiria huenda kama kilomita 900 kwa saa. Nikigawanya napata saa 6 na dakika 9. Lakini tiketi yangu inaonyesha kwamba nitaondoka London saa 5 asubuhi na kufika saa 8 mchana, kisha siku ya kurudi nitaondoka New York saa 2 usiku na kufika saa 2 asubuhi. Je, kwenda ni saa 3 na kurudi ni saa 12?

Jibu la kwanza
Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka New York iko nyuma ya London kwa saa 5, kwa hiyo ongeza 5 unapokwenda na utoe 5 unaporudi. Utapata saa 8 za kwenda na 7 za kurudi.

Jibu la pili
Hesabu hiyo ni sahihi, ila inabaki tofauti ya saa nzima, na hiyo chanzo chake ni upepo. Katika kimo cha kilomita 10 hivi, juu ya Atlantiki ya Kaskazini, hupita mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na nguvu zake huzidi majira ya baridi. Tuseme unavuma kwa kilomita 120 kwa saa. Anayekwenda New York, akipingana nao, husonga kwa kilomita 780 tu kwa saa na hutumia saa 7 na dakika 6, ilhali anayerudi husukumwa hadi 1,020 na hutumia saa 5 na dakika 26. Tazama jambo ambalo wengi hawalitambui: ukijumlisha safari zote mbili unapata saa 12 na dakika 32, wakati bila upepo zingekuwa 12 na dakika 18 hivi. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ukipingana nao kuliko ukibebwa nao. Ukiwa ndani, fungua ramani kwenye skrini iliyo mbele ya kiti chako uangalie kasi inavyobadilika. Mimi huifuatilia safari nzima.

Jibu la tatu
Naongeza kwamba ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena kwenye maegesho, si muda wa kuwa angani pekee. Niliwahi kukaa dakika 40 ndani ya ndege iliyokuwa kwenye foleni ya kuruka, injini zikiunguruma na mikanda tumeshafunga. Pia hizo kilomita 5,540 ni za njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ambayo marubani hawaifuati sikuzote, kwani njia za kuvuka Atlantiki hupangwa upya kila siku kulingana na upepo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi atakayenipokea nyumbani nitampa saa za kuwasili kwa saa za mji wake, wala sitamwambia ahesabu kilomita.

Jibu la pili
Mpe na namba ya safari. Aitazame asubuhi ya siku yenyewe, maana upepo ukiwa mkali ndege ya kutoka New York huweza kutua mapema kuliko ratiba.