Besi wa Naivasha wamejificha wapi?

Swali: Wenzangu, nimevua Ziwa Naivasha Jumamosi tatu mfululizo nikitafuta samaki aitwaye besi wa mdomo mpana, lakini ndoano inarudi na samaki aina ya kapi tu. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu, besi aliletwa hapo kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa burudani, na huwinda kwa macho, ilhali kapi, aliyeonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hufukua matope na kuyachafua maji. Kwa hiyo achana na maji ya tope, utupe chambo ukingoni mwa mafunjo kunako kivuli, alfajiri au jioni. Chambo bandia chekundu kinachofanana na kamba wa maji baridi hunifaa zaidi, kwa kuwa kamba hao ni chakula chake. Kivute polepole, kisimame, kisha kitikise kidogo.

Jibu: Naafiki, ila mafunjo hayo hayo ndiyo maficho ya viboko. Mwezi jana mmoja aliibuka hatua chache kutoka mtumbwini mwetu, tukaacha hata ndoano. Nenda na nahodha mwenyeji, tena ukiwa na leseni.

Muulizaji: Ahsanteni. Chambo changu kilikuwa cha buluu.