Mjadala: Hospitali zote za Nairobi zilazimishwe kuonyesha vitanda vilivyo wazi, dakika kwa dakika?

MLETA HOJA
Mgonjwa mahututi Nairobi bado anatafutiwa kitanda kwa simu. Daktari wa kituo kidogo anapiga Hospitali ya Kenyatta, anapiga ya Mama Lucy, anapiga hospitali za kibinafsi, na akijibiwa "tumejaa" hana namna ya kuthibitisha. Oktoba 2015 mwanamume aliyegongwa na gari alizungushwa hospitali hadi hospitali, akakaa saa 18 ndani ya ambulensi, kisha akafariki. Wakati huo Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), ilishasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Baltimore, Marekani, hospitali ya Johns Hopkins ilifungua kituo cha uratibu mwaka 2016: wanaogawa vitanda, wanaopokea rufaa na wanaosafirisha wagonjwa wanakaa chumba kimoja, skrini mbele yao. Bradford, Uingereza, walifuata 2019. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, inayotaka mfumo mmoja wa taarifa za afya nchi nzima. Nasema vitanda vya ICU, yaani vya wagonjwa mahututi, na vya kujifungulia viingizwe humo kwanza, vya umma na vya kibinafsi, na anayekataa mgonjwa aandike sababu na saa. Mnasemaje?

MUUGUZI, ZAMU YA USIKU
Ndugu yangu, njoo wodini saa nane usiku. Muuguzi yuko peke yake na wagonjwa kibao, dripu inaisha huku, mama anaita kule, halafu umpe tableti ajaze. Hesabu yetu ya vitanda iko kwenye daftari la zamu: tunahesabu tukiingia, tunahesabu tukitoka. Katikati hapo mambo yanabadilika na hakuna wa kuandika.

Tena kitanda cha ICU si godoro. Ni mashine ya kupumulia inayofanya kazi, oksijeni, na muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Skrini itasema "kimoja wazi", ambulensi itakuja mbio kutoka Kayole, na nitakuwa mimi wa kuwaambia jamaa mashine imeharibika.

MKAZI, EMBAKASI
Sista, nakuelewa, lakini shida kubwa zaidi ni pesa. Ndugu yetu alipopelekwa hospitali ya kibinafsi, kitanda kilikuwepo. Tulichoambiwa ni dipositi kwanza. Tukaanza kuchangisha kwenye simu tukiwa tumesimama pale mlangoni pa kasualti. Skrini ingetusaidia nini?

MLETA HOJA
Ingewasaidia hivi: hospitali isingeweza kuandika "tumejaa". Ingelazimika kuandika "hakulipa", na hilo ni jambo ambalo mdhibiti anaweza kulifuatilia. Leo kukataliwa kwenu hakuna kumbukumbu popote.

Na kuna vitanda tunavyovifunga wenyewe. Mgonjwa amepona, daktari amemruhusu, lakini anazuiliwa kwa sababu ya bili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa deni kulikiuka haki zao. Mfumo ukionyesha "ameruhusiwa, bado yupo, siku ya sita", tutajua uhaba wetu ni wa vitanda au ni wa utaratibu. Hapo ndipo naona faida kuliko hata kwenye ambulensi.

MWANAFUNZI WA SHERIA
Majina ya wagonjwa yasionekane. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Idadi na aina ya kitanda zinatosha.

MLETA HOJA
Nakubali kabisa.

Sista, kuhusu mashine mbovu: hali hiyo nayo iandikwe. Kitanda kisicho na muuguzi au mashine kisihesabiwe wazi. Wanaogawa bajeti pale kaunti waone kila siku ni vitanda vingapi vimelala kwa kukosa watu.

MUUGUZI, ZAMU YA USIKU
Hapo umenigusa. Basi sharti langu: aajiriwe karani wa vitanda kila zamu, usiku na wikendi pia, na stima ikipotea awe na laini ya simu ya kuripoti kwa ujumbe mfupi. Mkimtwika muuguzi kazi hiyo, ndani ya wiki moja skrini itakuwa inaonyesha hesabu ya jana, na daktari wa Kayole atarudi kupiga simu. Nani atamlipa huyo karani, hospitali au kaunti?