Nikeli na shaba si zina elektroni sawa, mbona supakonda zake hazifanani?

Ticha_Ngamiani: Wakuu kwema? Nafundisha fizikia fomu siksi hapa Tanga mjini, leo dogo mmoja kaniganda, eti kama supakonda kali (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipoa sana) ni za oksaidi za shaba na nikeli ndo jirani yake kwenye jedwali, mbona za nikeli hatuzisikii? Nikamwambia zipo, Stanford walitoa 2019. Kwa nini zimechelewa hivyo?

Raskazone_boy: Ticha dogo ana kichwa huyo, hata wakubwa walianzia hapohapo. Kwenye zile oksaidi za shaba walizogundua Bednorz na Müller 1986, shaba inatoa elektroni mbili inabaki na tisa kwenye 3d (fungu la obitali linalobeba elektroni kumi). Nikeli ikitoa mbili inabaki na nane, kwa hiyo lazima uibane itoe moja tu, na hali hiyo haiipendi kabisa. Kina Danfeng Li na Hwang, hao wa Stanford, wakaotesha filamu nyembamba yenye oksijeni tatu, ina neodimiamu na strontiamu kidogo (strontiamu ndo ya kupunguza elektroni), wakaifungia kwenye tyubu ya kioo na unga wa kalsiamu haidraidi wakaipasha moto, unga ukanyonya oksijeni zilizo kati ya tabaka, yani kama kuchomoa boriti na nyumba isidondoke. Ukinzani ukapotea kati ya Kelvini 9 na 15.

Ticha_Ngamiani: Sawa kaka, tisa kwa tisa, sasa mbona 15 wakati YBCO, ile oksaidi ya shaba yenye itriamu na bariamu, inagonga 93??

Bi_Chumbageni: Hapo ndo penye ugomvi ticha. Tisa ni hesabu tu, angalia ngazi za nishati. Kwenye shaba levo za oksijeni ziko jirani kabisa, ukitoa elektroni tundu (nafasi iliyoachwa wazi) linakaa zaidi kwa oksijeni. Kwa nikeli oksijeni iko chini mbali, tundu linakaa zaidi kwenye nikeli yenyewe. Halafu kuna obitali ya 5d ya neodimiamu inashuka mpaka levo ya Fermi (kikomo cha juu cha nishati ambapo elektroni zinaishia) inaiba elektroni kidogo, so hata bila strontiamu ile tisa haijatimia. Wanaosema ni pacha wa shaba wanatia chumvi, mi naona ni binamu tu.

mvuvi_wa_data: Na La3Ni2O7, oksaidi nyingine ya nikeli, je? 2023 Wachina waliikandamiza kwa presha ya zaidi ya gigapaskali 14 ikafika karibu Kelvini 80, imepita joto la nitrojeni kimiminika. Na hiyo ni d7.5, yani elektroni saba na nusu za 3d kwa kila nikeli, obitali mbili zinacheza kwa pamoja

Ticha_Ngamiani: Saba na nusu?? Nusu elektroni nikaichoreje ubaoni jamani

Bi_Chumbageni: Wastani huo ticha 😂 nikeli mbili zinagawana kumi na tano