Bendi kongwe za roki kutiwa dabu na tekno: ni heshima au ni kuchezea maiti?

GitaaKavu: Wakuu heshima kwenu. Nimeisikiliza tena ile Living on My Own ya Freddie Mercury, muimbaji wa Queen, ile remiksi (wimbo uliokwisha rekodiwa kugeuzwa upya) ya maprodusa No More Brothers ya 1993, ikashika namba moja Uingereza wakati mwenyewe yuko kaburini tangu Novemba 1991. Aliyoitoa mwenyewe 1985 wala haikufika mbali. Sasa nauliza, nani kamuuliza marehemu kama anataka ngoma za disko mle ndani? Na siyo yeye tu, bendi ya Can ya Ujerumani walifanyiwa albamu nzima ya remiksi 1997, Sacrilege, yaani kufuru, hata jina lenyewe linakiri kosa. Bendi ya Primal Scream nao mwaka huohuo wakampa produsa Adrian Sherwood kazi yao aigeuze dabu, ile staili ya Jamaika ya besi na mwangwi. Dijei asiyejua hata kodi C ya gitaa anachukua jasho la watu anaweka mwangwi basi kawa msanii. Tujadili kistaarabu.

Dijei Mstaafu: Kistaarabu halafu unaanza na matusi? Asiyejua kodi C ni nani? Mimi nimepiga disko kabla hujazaliwa, tulikuwa na santuri na tepu, hakuna laptopu ya kukubebea mdundo, ukikosea ukumbi mzima unakugeukia. Watu wa gitaa mna dharau sana na nyimbo zenyewe kodi tatu.

fundi_miksa: Tuacheni hasira kidogo. GitaaKavu, dabu haikuanza na madijei wa klabu, King Tubby wa Kingston alikuwa fundi wa redio na maampilifaya, anachukua tepu ya bendi anazima sauti ya muimbaji anaacha besi na dramu zitembee, kisha gitaa linarudi nusu sekunde linapotelea kwenye mwangwi, miksa yenyewe ndo ala yake anaipiga kwa vidole laivu. Na hao Can unaowatetea ndo umekosea mlango kabisa, mpiga besi wao Holger Czukay alikuwa anarekodi bendi ikipiga masaa, halafu anakata tepu kwa wembe na kuunganisha, albamu yao Tago Mago ya 1971 imetengenezwa hivyo. Sasa unalinda "ya asili" ipi? Na Sacrilege imetoka kwa lebo yao wenyewe, Spoon, hawakuibiwa. Carl Craig, mtu wa tekno wa Detroit, yumo, produsa Brian Eno yumo, sikiliza Carl Craig alivyoigusa Future Days halafu urudi hapa.

GitaaKavu: "Umekosea mlango" ndo lugha gani hiyo mkuu? Mimi nimeuliza swali, sikuomba darasa.

Nairobi_Kelele: Buda amekujibu lakini. Anyway remiksi kali kuliko zote ni ile ya Pink Floyd, Dub Side of the Moon, ile milio ya saa mwanzoni mwa wimbo wa Time wameigeuza jogoo na kwa ile Money mahali pa pesa kulia unasikia mtu akikohoa moshi haha

fundi_miksa: Ile siyo remiksi. Easy Star All-Stars wa New York walipiga upya kila kitu 2003, hakuna hata sekunde ya tepu ya Floyd mle. Remiksi ya kweli ya dabu kachukue No Protection, produsa Mad Professor alivyowafanyia kundi la Massive Attack 1995.

Nairobi_Kelele: Massive Attack ni rock band sasa? Enda pole pole professor.

Kamanda wa Sinza: Mnazunguka tu. Mimi kilichonigusa ni Freddie. Mtanzania mwenzetu, namba moja Uingereza, na sisi tumekaa tu, tungekuwa Wajamaika tungeshajenga sanamu

BintiShangani: Mtanzania mwenzenu tokea lini? Kazaliwa Unguja 1946, familia imeondoka 1964 baada ya mapinduzi, kasoma India utotoni. Huo Utanzania kaupata saa ngapi? Mkitaka sifa mnakimbilia huku, mkimaliza mnatusahau. Halafu huyo aliyesema yuko kaburini, Freddie alichomwa London, akaagwa kwa dini yao ya Kizoroasta. Jueni kabla ya kuandika.

Kamanda wa Sinza: Dada punguza povu. Nyie wenyewe 2006 ilipangwa sherehe ya ufukweni ya miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho, lile kundi la Kiislamu la Zanzibar, wakaja juu ikafutwa. Leo mna makumbusho yake palepale Shangani, Mji Mkongwe, mnawatoza watalii. Mnamtaka au hamumtaki?

BintiShangani: Waliopinga siyo mie na wala siyo Unguja nzima. Na hayo makumbusho yamefunguliwa 2019, mie nimekuwa nikipita mtaa ule tokea mdogo, watu wazima wanajua nyumba, wanajua akina Bulsara, familia yake Freddie, bila kusubiri mzungu aje apige picha. Usinisemee.

Dijei Mstaafu: Mnaona? Roki ikiingia tu ugomvi. Kwenye disko watu wanacheza.

mpenda_kaseti: Kwa hiyo swali ni nani mwenye Freddie au ni remiksi?

Kamanda wa Sinza: Ni kitu kimoja. Anayemiliki ndo anaruhusu. Familia ya Freddie inapata chochote kwenye hiyo ya 1993 au wanakula wenye lebo? Hilo ndo la kujadili.

fundi_miksa: Si ndo nilichosema kwenye Can, waliruhusu wenyewe

BintiShangani: Hajakusoma huyo GitaaKavu.

GitaaKavu: Nimesoma. Lakini hata Marekani wanajijua, 1991 zilipotolewa upya albamu za Queen kule, produsa Rick Rubin aliichezea We Will Rock You na ikaandikwa kabisa kwenye jina kuwa *imeharibiwa na Rick Rubin*. Mwenyewe kakubali ameharibu! Nimemaliza.

Nairobi_Kelele: Huo ni utani kaka. Na tuseme ukweli, nusu yenu hapa mlisikia bendi ya The Doors mara ya kwanza kwa gemu ya magari, Need for Speed Underground 2, Riders on the Storm na Snoop Dogg ndani. Jim Morrison muimbaji wao amekufa 1971, Snoop amezaliwa mwaka huohuo, na wanaimba pamoja. Hiyo pia ni kuchezea maiti?

mpenda_kaseti: 😂😂 hii ya pleisitesheni imemgusa mtu

Dijei Mstaafu: GitaaKavu jibu

GitaaKavu: Ile ni tofauti bana. Ile ilitoka kali.