Gesi ya AC haiishi kama petroli! Tabora nimelipia mara nne ndani ya miezi kumi, sasa basi

Laki mbili na arobaini elfu. Hiyo ndiyo hela niliyowapa mafundi wa magari hapa Tabora kuanzia Januari hadi Oktoba. Elfu sitini mara nne, gari lilelile, AC ileile, na kila nikifika jibu ni hilohilo: "Mama, gesi imeisha." Kumbe ugonjwa ulikuwa kipira kimoja cha kwenye maungio ya bomba, kile wanachokiita oringi, cha shilingi elfu mbili. Aliyekigundua hata si fundi wa magari.

Wakuu, mnivumilie. Uzi ni mrefu na nina hasira.

Kwangu AC si anasa. Mwanangu ana miaka sita na ana pumu. Bibi yake anakaa kijijini, Uyui, na barabara ya kufika kwake ni ya vumbi. Wenyeji mnajua Septemba na Oktoba zilivyo huku kabla mvua hazijashuka: lori likikupita, vumbi linabaki limesimama hewani, huoni mbele. Ukifunga vioo bila AC, ndani ya gari ni tanuri. Ukifungua, mtoto anaanza kukohoa kabla hamjafika nusu ya njia. Mwishoni mwa Septemba nilisimamisha gari chini ya mwembe, nikampa pampu yake ya pumu na kumpepea kwa khanga, na AC ile nilikuwa nimeilipia wiki saba tu nyuma. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimsikiliza anavyohema. Hapo ndipo nilipoapa kwamba safari hii sitatoa hela bila kuelezwa.

Nikaenda kwa fundi wa nne, nikamuuliza gesi inaisha vipi kila baada ya miezi miwili mitatu. Akanijibu bila hata kuinua uso: "Mama, gesi ni kama petroli, ukitumia inaisha." Nikalipa tena, kwa sababu Jumapili nilikuwa na safari.

Hiyo kauli ni uongo. Narudia, ni uongo, na inasemwa kila siku kwa watu wanaotoa hela za ada kujaza gesi.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Gesi ya AC haiungui popote. Inazunguka. Kompresa inaibana, inakuwa ya moto, inapelekwa kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inapulizwa na feni hadi inapoa na kuwa kimiminika. Inapenya kwenye tundu dogo, presha inashuka ghafla, inaingia kwenye evaporeta nyuma ya dashibodi na kuanza kuchemka, na katika kuchemka ndimo inamonyonya joto la hewa mnayopulizwa nayo. Kisha inarudi kwenye kompresa, mzunguko unaanza upya. Hakuna sehemu inapotumika ikaisha. Ikipungua, imetoka. Na kama imetoka, kuna mahali imepitia. Mafundi wanne, hakuna hata mmoja aliyetafuta mahali hapo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, anayetengeneza mafriji. Nilikuwa nimempelekea friji la shule, nikawa nalalamika tu. Akaniuliza, "Mwalimu, friji la nyumbani kwako umelijaza gesi lini?" Sijawahi. Nimelinunua nikiwa bado sijaolewa. Akasema, "Basi na gari lako lilete nilitazame."

Alinieleza vizuri pia kwa nini gari si sawa kabisa na friji, na hili nalisema ili nisiwaonee mafundi waaminifu. Friji mabomba yake yamechomelewa na mota imefungiwa humohumo ndani ya kompresa. Kompresa ya gari inazungushwa na mkanda kutoka nje, kwa hiyo ina shafti inayopita kwenye sili, yaani mpira wa kuzuia uvujaji. Ina mipira, ina maungio mengi, na inatikiswa kutwa nzima. Kiasi kidogo kitapenya, haikwepeki. Lakini kupenya kwa namna hiyo huchukua miaka kabla hujahisi chochote. Gari likikaa miaka kadhaa likahitaji kuongezewa, sawa, hakuna aliyeibiwa. Miezi miwili au mitatu ni tundu.

Alivyolipata sasa, ndicho kinachoniuma zaidi, maana hakutumia mashine yoyote. Alifungua boneti akatazama. Ndani ya ile mifereji gesi inasafiri pamoja na oili ya kompresa, kwa hiyo inapovuja inaacha alama ya mafuta, na kwa vumbi letu la Tabora alama hiyo haijifichi. Vumbi linanasa kwenye mafuta, linakuwa tope jeusi. Mabomba yote yalikuwa na vumbi jekundu kavu isipokuwa ungio moja karibu na kondensa, lililokuwa jeusi limelowana. Akakoroga sabuni ya kuoshea vyombo, akapaka kwa brashi. Povu likaanza kuvimba taratibu mbele ya macho yangu. Dakika kumi, ndugu zangu. Dakika kumi tu.

Nikaanza kukumbuka dalili zote ambazo gari lilikuwa likinionyesha tangu mwanzo. Gesi ikipungua kidogokidogo, baridi nayo hupungua kidogokidogo. Wiki hii unaweka feni namba mbili, wiki ijayo namba tatu, baadaye namba nne na bado unatokwa jasho. Kama jana ilikuwa barafu na leo imekufa kabisa, anza kukagua fyuzi, rilei, waya na mkanda kabla hujakubali hadithi ya gesi, isipokuwa kama bomba limepasuka, na bomba likipasuka mara nyingi utaona mafuta yamerukia huku na huku.

Halafu sikiliza. Gari likiwa limesimama linaunguruma, washa AC. Utasikia "tak" klachi ya kompresa ikishika na injini ikilemewa kidogo. Ikiachia baada ya sekunde chache, ikashika, ikaachia tena, hivyohivyo mfululizo, hiyo ni dalili kubwa ya gesi kuwa chache. Kuna swichi ya presha inayoizima kompresa ili isizunguke bila oili ya kutosha, maana oili inabebwa na gesi. Ikizidi kupungua, klachi haishiki kabisa. La kwangu lilikuwa linafanya "tak, tak" tangu Machi, na mimi nikidhani ni kawaida yake. (Magari mengine ya kisasa kompresa yake haina klachi ya namna hiyo, kwa hiyo msiitegemee sauti peke yake.)

Gusa mabomba, kwa tahadhari, mbali na feni na mkanda. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa linatakiwa liwe la baridi, mara nyingi linatoa jasho kama chupa ya soda. La kwangu lilikuwa vuguvugu. Bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa lina moto wa kuunguza, hilo usilikamate. Maji yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria yasikutishe, ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye evaporeta, ni dalili ya uzima. Kiangazi cha kwetu hewa ni kavu, kwa hiyo matone yakiwa machache usikimbilie kwa fundi. Bora uchukue kipimajoto. Mimi nilichukua cha maabara nikakichomeka kwenye tundu la hewa la katikati: kabla ya matengenezo nyuzi 19, baada ya matengenezo nyuzi 7, siku ambayo nje kulikuwa na nyuzi 31. AC nzima itakupa kati ya nyuzi 5 na 10 hivi, gari likiwa linatembea.

Sasa njooni kwenye mchezo wa geji, ile saa ya kupimia presha ya gesi, maana hapa ndipo tunapomalizwa. Fundi wa kwanza na wa pili walipima injini ikiwa imezimwa. Mshale ukasimama, wakanionyesha, "unaona mama, imepungua". Nami nikaitikia! Gesi aina ya R134a, ambayo ndiyo iko kwenye magari mengi tunayoyaleta kutoka Japani, ikiwa imetulia kwenye nyuzi 30 itakuonyesha presha ya psi 95 hadi 100 hivi (psi ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye geji), iwe imejaa au iwe imebaki nusu, mradi ndani bado kuna kimiminika. Presha inafuata joto, haifuati wingi. Ni kama mtungi wa jikoni: moto unawaka vilevile hadi siku za mwisho, ndiyo maana mwenye akili anaunyanyua au anaupima kwa mizani. Geji injini ikiwa imezimwa inaweza kukuambia kwamba mfumo ni mtupu, basi. Kujua kiasi sahihi ni kuitoa yote kwa mashine, kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu vyote vilivyobaki ndani), na kurudisha kwa uzito. Uzito wenyewe umeandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti. La kwangu linasema gramu 450. Hakuna fundi hata mmoja kati ya wanne aliyekisoma kibandiko hicho, na hakuna hata mmoja mwenye mizani.

Matokeo yake wa tatu alinijazia kupita kiasi. Watu wengi hawajui kwamba gesi ikizidi nayo inaua ubaridi. Kondensa inajaa kimiminika, presha ya juu inapanda, kompresa inalemewa. Gari likawa zito kwenye vilima, na mshale wa joto ambao haujawahi kusogea ukaanza kupanda nilipokuwa naelekea Nzega. Nikamrudia. Akafungua vali, akaimwaga gesi hewani, fsssss, mbele ya wateja, akaniambia tayari. Kilo moja ya R134a inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kigali hapo jirani, mwaka 2016, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Sisi tunazifungulia uani na kulipishwa tena za kuzijazia.

Na vakyumu hawavuti. Fundi wa mafriji aliiacha pampu ivute zaidi ya nusu saa, akaizima, akakaa kuangalia mshale kama utarudi. Haukurudi, ndipo akaanza kujaza. Hewa na unyevu vikibaki ndani, unyevu unaganda pale kwenye tundu dogo na kuziba njia, na ukichanganyika na oili unatengeneza asidi inayokula vyuma. Kompresa mpya ni hela ya kuuza ng'ombe.

Kuna jambo jingine nalitaja upesi. Kabla ya kufika kwa yeyote, toa chujio la hewa ya ndani, kwenye magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Likijaa vumbi, hewa inatoka kwa kupumua tu na utadhani gesi imeisha. Na kama AC inapooza ukiwa njiani lakini ukisimama sokoni inageuka joto, hebu chungulia kwanza kama feni ya kondensa inazunguka, au kama kondensa imezibwa na vumbi na wadudu. Gesi chache nayo huweza kufanya hivyo, ila feni ni bure kuitazama. Ila msifungue wenyewe mabomba ya gesi. Kimiminika chake kinachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kikikurukia jichoni kinaweza kukupofusha.

Fundi wa nne alinipa pia chaguo la "gesi ya bei nafuu" kutoka kwenye mtungi usio na maandishi yoyote. Nilikataa. Mtungi wa namna hiyo unaweza kuwa na gesi ya kupikia, na gesi ya kupikia inawaka. Bomba la AC linapita karibu na injini ya moto na mwanangu amekaa upande wa pili wa ukuta huo. Nikasema hapana, akacheka.

Mafundi mnaosoma hapa, najua kazi ni ngumu na vifaa ni ghali. Lakini sabuni ya vyombo si ghali. Tochi si ghali. Kumwambia mteja "dada, hapa kuna uvujaji, tuzibe kwanza ndipo nijaze" hakuna gharama yoyote. Mngeniambia hivyo Januari ningewalipa elfu sitini, elfu mbili ya kipira, na ufundi juu yake, na ningewaletea walimu wenzangu wote.

Ninachoomba kwenu wakuu: yule mzee macho yamechoka, ameniambia gari langu lilikuwa la mwisho. Kama kuna fundi ndani ya manispaa, awe Ipuli, Cheyo, Isevya, popote, mwenye mizani ya gesi na pampu ya vakyumu, na asiyekasirika mteja akisimama pembeni kusoma geji, ajitokeze hapa chini aseme yuko mtaa gani. Na wewe uliyejaziwa gesi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka huu, andika ni mara ngapi, shilingi ngapi, na kama kuna aliyepaka sabuni.