Orient Kamasu, Seiko 5 au Citizen ya mwanga: saa ipi inafaa kwa mtu wa Pwani?

PwaniKwetu
Wakuu, salaam. Nipo Tanga, karani bandarini, na wiki hii nimeingia rasmi kwenye chama chenu cha wapenda saa. Nimevuta Casio Duro MDV-106, ile yenye kasamaki usoni. Milimita 44, maji mita 200, ufunguo wa pembeni, ule wa kupangia saa, unafungwa kwa kuskuruu. Mkononi imekaa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Shida ni kwamba ugonjwa wenu nao nimeshaupata. Hii sijaizoea vizuri, tayari natafuta ya pili. Nina laki tano, nikijibana inafika sita. Nimechuja nimebaki na tatu: Orient Kamasu ya uso wa kijani, Seiko 5 Sports ile ndogo ya milimita 38, na Citizen BM8180 inayojichaji kwa mwanga.

Naomba maneno ya mtu aliyevaa, si ya aliyeangalia video. Mazingira yangu ni chumvi, jasho, pikipiki asubuhi na jioni, udhu mara tano. Na Ijumaa nataka iende na kanzu.

Chalii_wa_Moshi
Futa zote tatu, weka G-Shock GA-2100. Ilitoka 2019, unene milimita 11.8 tu, maji mita 200, unaidondosha kwenye zege unaiokota unaendelea na safari. Mjadala umefungwa.

PwaniKwetu
Kwenye kanzu, chalii? Shehe atanitoa safu ya mbele.

FundiMajira_Mvita
Mwanangu PwaniKwetu, hongera kwa saa. Mimi nafungua saa za watu hapa Mombasa tangu enzi za Seiko 5 zenye mashine ya 7009, kwa hivyo nitakwambia ninayoyaona mezani.

Saa nyingi zinazonijia zikiwa zimekufa hazikuuawa na bahari. Zimeuawa na jasho na mipira iliyokauka. Kuna mpira mwembamba chini ya kifuniko cha nyuma na mwingine mdogo kwenye ufunguo. Hiyo ndiyo inayozuia maji, basi. Joto na chumvi huikausha, mvuke ukaanza kupenya polepole. Mwenye saa anaona ukungu ndani ya kioo, anaianika juani, ukungu unapotea, anafurahi. Akija kwangu baadaye ananiletea kutu.

Na hizo mita zilizoandikwa watu huzisoma vibaya. Saa ya mita 30 si ruhusa ya kuzama mita 30. Ilipimwa kiwandani ikiwa mpya, kwa shinikizo lililotulia, na maana yake kwa mvaaji ni matone ya mvua na kunawa mikono. Kuogelea anza na 100. Anayeshinda na maji atafute 200 na ufunguo wa kuskuruu. Kati ya hizo tatu zako ni Kamasu peke yake yenye vyote viwili. Hiyo Seiko na hiyo Citizen ni mita 100, na ufunguo wake ni wa kuvuta tu. Udhu haziogopi hata kidogo. Lakini ukiusahau ufunguo ukiwa umevutwa nje, kata moja ya maji inakutosha kuja kwangu.

Kioo: Kamasu ina safaya, na safaya kuikwaruza ni kazi. Seiko wanaweka Hardlex yao, Citizen hiyo ina kioo cha kawaida cha saa. Wewe wa pikipiki, zipu ya koti tu itakuonyesha tofauti.

Kwa maji na mikwaruzo, basi, ni Orient. Lakini sijamaliza, kuna la vipuri. Nikifunga duka nitarudi.

Nesi_Moro
Shikamoo fundi. Mimi ninayo hiyo Citizen, bado mpya mpya, kwa hiyo ngoja nimjibu kaka wa Tanga.

Ni milimita 37 na nyepesi, kwangu mwenye mkono mdogo ni baraka. Uso mweusi na namba kubwa nyeupe, hata taa ya wodi ikiwa hafifu unasoma. Mshale wa sekunde unaruka moja moja, na hilo ndilo nililolitaka, maana mapigo ya moyo nahesabu kwa huo mshale. Ile duara ya ndani ya namba 13 hadi 24 mtaani watu wanaicheka, ila fomu zetu zinajazwa kwa saa 24. Saa moja jioni naandika 19:00 bila kuhesabu vidole.

Betri ya kubadilisha kila mara hakuna. Ikijaa inakaa gizani kama miezi sita. Chaji ikipungua, mshale wa sekunde unaanza kuruka kwa sekunde mbili mbili, ndiyo namna yake ya kukuomba mwanga. Unaiweka dirishani. Usiiache juu ya dashibodi ya gari, joto lile si chaji tena.

Ninachokitoa kasoro ni mkanda wake wa turubai. Unanyonya jasho, na ukishalowa haukauki haraka. Niliuvua mapema, nikaweka wa ngozi. Upana ni milimita 18, mikanda ipo kila mahali.

HesabuKali
Nimesoma yote nikatabasamu. Tuweke hesabu mezani.

Casio F-91W, iliyotoka 1989 na bado inatengenezwa: gramu 21, betri miaka kama saba, makosa ni sekunde 30 kwa mwezi, mbele au nyuma. Ina kengele ya kukuamsha alfajiri. Bei yake wote mnaijua.

Seiko 5 yenye mashine ya 4R36: kiwanda chenyewe kinasema inaweza kuwahi hadi sekunde 45 au kuchelewa hadi 35 kwa SIKU. Ukiangukia upande mbaya, mwisho wa mwezi umepotea dakika 22 na nusu. Orient wanasema kuwahi 25, kuchelewa 15. Afadhali, lakini bado.

Mnalipa mara kumi na kitu mpate saa isiyojua saa.

Bin_Ruwi
HesabuKali umeanza tena 😂

Nipo Maskati, na mwezi huu nimenunua hiyo hiyo Seiko 5 ya 38 dukani Ruwi. Hizo namba zako ni mpaka wa nje ambao kiwanda kinakubali, si kawaida ya kila siku. Yangu inawahi kidogo, nami naisahihisha usiku. Saa ya otomatiki, yaani inayojijaza kwa mkono unavyotikisika, ikilala kifudifudi, chali au ubavu, mwendo wake unabadilika. Unajaribu mikao, unapata ule unaoipunguza kasi, asubuhi imejirudi yenyewe. Betri haiwezi kukupa mchezo huo.

Saa isiyojua saa, sawa. Lakini ukifungua mgongo unaona gurudumu linazunguka kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna betri wala saketi mle ndani. Seiko 5 zipo tangu 1963 na huku Ghuba ni saa ya babu, baba na mjukuu. Nyingi za huku zinakuja na siku za wiki kwa Kiarabu na Kiingereza, unachagua mwenyewe kwa ufunguo. Kwa Ijumaa na kanzu, PwaniKwetu, hebu fikiria dirisha la siku limeandika Ijumaa kwa Kiarabu.

Uzuri mwingine ni ule ufunguo uliokaa kwenye namba 4 badala ya 3. Ukikunja kiganja kutawadha au kukanyaga mafuta ya pikipiki, haukuchomi.

Chalii_wa_Moshi
Pikipiki mafuta yanakanyagwa wapi, Bin Ruwi? Ni ya kuzungusha 😂😂

Bin_Ruwi
Nimekaa huku sana. Endelea.

Mama_Duka
Naingilia kidogo kabla mtu hajatuma hela. Feki zimejaa, hasa za mtandaoni. Niliwahi kuuziwa Seiko 5 "ya zamani safi" na muuzaji wa mtandaoni, uso unang'aa kama wa juzi huku mgongo umelika. Baadaye nikaelezwa kuwa ni saa kuukuu zinazopakwa rangi upya India. Mashine inaweza kuwa ya kweli, uso ni wa kuchora.

Seiko angalia namba za mgongoni: tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi (Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D). Muuzaji akisema ya 2023 na namba inaanza na 8, muage kwa adabu. F-91W shikilia kitufe cha kulia sekunde tatu, itaandika CASIo. Siku hizi hata baadhi ya feki zimejifunza hilo, kwa hiyo lisikulaze usingizi.

FundiMajira_Mvita
Nimerudi. Marahaba, Nesi. Na hilo la mkanda ni kweli tupu, turubai na jasho la Pwani hawapatani.

Sasa vipuri. Hapa Seiko inawapita wote. Ile 4R36 ina ndugu yake anayeuzwa peke yake kwa jina la NH36, mashine ni ile ile. Ikiharibika vibaya sihangaiki kutafuta gurudumu moja moja. Naagiza mashine nzima, nahamisha uso na mishale, kazi imekwisha, na mteja halii. Ya Orient, F6922, ni mashine nzuri, wanaitengeneza wenyewe, unaweza kuijaza kwa ufunguo na mshale wa sekunde unasimama ukivuta. Ila kuipata peke yake sokoni si rahisi hivyo. Utasubiri.

Citizen ya mwanga nayo ina mtego mmoja. Ndani mna betri ya kuchajiwa, maalumu. Siku ikichoka baada ya miaka mingi, kuna fundi wa kando ya barabara atakuwekea betri ya kawaida kwa sababu kimo kinafanana. Hapo umeiua. Mwambie akuonyeshe betri kabla hajaifunga.

Na nyinyi wa otomatiki: sumaku! Spika za gari, vifuniko vya simu vyenye sumaku, pochi za kubana. Saa iliyoshika sumaku inawahi kwa dakika, si kwa sekunde, maana springi yake nyembamba inajigandia. Watu huja wakisema mashine imeharibika. Weka dira karibu na saa, ikichezacheza ni sumaku. Nina kifaa, naitoa papo hapo.

PwaniKwetu
Fundi, Mungu akupe umri. Kwa hiyo kwa maji Orient, kwa vipuri Seiko, kwa uvivu Citizen. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Nesi_Moro
Kaka, mbona jibu lipo kwenye posti yako ya kwanza? Saa ya bandarini unayo tayari. Duro ina mita 200 na ufunguo wa kuskuruu, chumvi na pikipiki ni kazi yake. Ya pili utaivaa Ijumaa na harusini. Hiyo haihitaji kuzama popote.

Sasa jiulize saa inayovaliwa mara moja kwa wiki inakaaje siku nyingine sita. Otomatiki zote mbili, Orient na Seiko, ukizivua zinatembea kama saa 40 tu. Umeivua Ijumaa usiku, Jumapili mchana imelala. Kila Ijumaa utaanza kupanga saa, tarehe na siku wakati adhana inaita. Citizen utaikuta inatembea.

HesabuKali
Hatimaye mtu mwenye akili. Na kwa kuwa ni ya mara moja kwa wiki, hata mashine yake haitachoka kabla hajachoka yeye.

Bin_Ruwi
Nesi ana hoja, sibishi. Ila kupanga saa Ijumaa asubuhi mimi naipenda hiyo kazi. Kahawa mezani, unauzungusha ufunguo taratibu mpaka inaamka. Si kila mtu anataka kurahisishiwa.

PwaniKwetu
Wakuu, mrejesho. Nesi amenishinda kwa hoja na nakubali kabisa kwamba Citizen ndiyo jibu sahihi. Nimekwenda dukani na hela ya Citizen mfukoni. Wakanitolea Kamasu ya kijani, nikaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, ule uso ukafanya kama maji ya kina pale nje ya gati.

Nimerudi na Kamasu. Msinitukane.

Nesi_Moro
😂😂 Basi tungekaa kimya tu. Hongera kaka, ivae kwa heri.

HesabuKali
Sekunde 25 kwa siku. Nimesema.

FundiMajira_Mvita
Hongera mwanangu. Mambo mawili. Tarehe na siku usizizungushe haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya kalenda yameshikana na ukilazimisha yanavunjika. Kama hujui saa uliyoikuta ni ya mchana au usiku, sogeza mishale mbele mpaka tarehe ibadilike, hapo umejua ni usiku wa manane. Halafu peleka mishale mpaka kwenye 6 chini, ndipo upange tarehe na siku. La pili, ukiskurua ufunguo urudishe kwa kuukandamiza polepole, skuruu yake isiingie upande. Na mipira ikaguliwe kila baada ya miaka miwili mitatu, kwangu au kwa mwingine yeyote mwenye mashine ya kupima maji.

Chalii_wa_Moshi
Mkanda wa chuma unaubakiza au unaweka ngozi?

PwaniKwetu
Chuma cha bandarini nimechoka nacho, nataka ngozi ya kahawia. Upana wake ni ngapi, kuna anayejua?

Bin_Ruwi
Milimita 22, sawasawa na Duro yako. Nunua mmoja mzuri, utahamahama.